Kupewa, kupigania au kudai? Kwa mama wa Nkuhungu na baba mkwe wake

"Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Juzi usiku tukiwa tunakula, kijana wangu wa kidato cha tatu alisema Tanganyika haikupigania uhuru, ilipewa tu, kwa sababu Waingereza walikuwa wamechoka na wamefilisika baada ya vita. Akaongeza kwamba waliopigania ni Wakenya na Waalgeria. Baba mkwe wangu ana miaka 86 na mpaka leo anatunza kadi yake ya TANU. Aliweka tonge chini, akanawa, akaondoka. Leo ni siku ya tatu hazungumzi na mjukuu wake. Mume wangu anasema tuache yapite. Mimi nataka kujua nani ana haki, maana hata mimi shuleni nilikariri tarehe tu. Na nimwambie nini mtoto bila kumvunjia mzee heshima?"

Mbukwa, dada yangu.

Nimesoma barua yako mara mbili, na lile tonge lililowekwa chini limenikaa moyoni. Nimefundisha historia kwa miaka mingi, na hilo neno "tulipewa" nalisikia kila mwaka, tena kwa wanafunzi wazuri wanaosoma na kufikiri. Kwa hiyo usimwone kijana wako kuwa mkorofi. Ameshika nusu ya habari. Baba mkwe wako naye ana nusu nyingine, ambayo vitabu vya shule huipitia haraka sana. Ngoja nizilete zote mbili, nianze na ya mtoto, kwa sababu ukiikataa yote hatakusikiliza tena.

Ni kweli Uingereza ilitoka kwenye Vita Kuu ya Pili ikiwa na madeni makubwa. India na Pakistan zilijitawala mwaka 1947. Mwaka 1956 Uingereza iliaibika pale Suez, ilipovamia Misri kwa ajili ya mfereji na kulazimika kurudi nyuma. Nchini Kenya ilikuwa inapigana na Mau Mau tangu 1952, vita iliyokula fedha nyingi na kuichafulia jina. Ghana ikapata uhuru Machi 1957, na mwaka 1960 peke yake nchi 17 za Afrika zikajitawala. Waziri Mkuu wa Uingereza, Harold Macmillan, alisimama Cape Town Februari mwaka huo akasema wazi kwamba upepo wa mabadiliko unavuma barani. Hayo yote yalitusaidia, na mtoto akiyaandika kwenye mtihani apewe alama zake.

Sasa mwombe aziweke tarehe nyingine kando ya hizo. Mwaka 1954 ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulitembelea Tanganyika na kupendekeza nchi iandaliwe kujitawala ndani ya miaka 20 hadi 25. Hesabu yake inafika karibu na 1980. Uingereza ilikataa pendekezo hilo, haikutaka kufungwa na tarehe yoyote. Mwanzoni mwa 1959 magavana wa Afrika Mashariki walikutana na Waziri wa Makoloni huko Uingereza, na mwaka waliokuwa wakiufikiria kwa Tanganyika ulikuwa 1970 hivi. Bendera yetu ilipanda tarehe 9 Desemba 1961. Aliyechoka na mzigo hakatai kutaja siku ya kuutua. Kati ya 1954 na 1961 kuna kitu kiliwasukuma, na kitu hicho ndicho baba mkwe wako alichokuwemo.

Wazee wenyewe walikuwa na neno lao: kudai uhuru. Sisi leo tunalisema kwa mazoea, lakini lisikilize vizuri. Mtu hadai zawadi. Anadai kilicho chake, kilichoko mikononi mwa mwingine, na ili adai vizuri anahitaji vitu viwili: hati ya kuonyesha, na watu wa kumsindikiza mlangoni ili mdaiwa asijifanye hayupo. Tanganyika ilikuwa na vyote viwili.

Hati kwanza. Watu wengi hudhani Tanganyika ilikuwa koloni la Mwingereza sawasawa na Kenya. Haikuwa hivyo. Mjerumani aliposhindwa Vita Kuu ya Kwanza alinyang'anywa nchi hii, na Uingereza ikakabidhiwa na Ligi ya Mataifa iitawale kwa niaba yake. Mpango huo ulianza rasmi mwaka 1922. Mwaka 1946 tukawa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na ibara ya 76 ya Hati ya umoja huo inasema mdhamini lazima aiongoze nchi kuelekea kujitawala au uhuru. Kwa maneno mengine, Mwingereza alikuwa ametia saini kwamba siku moja ataondoka, ila siku hiyo haikuandikwa. Zaidi ya hapo, kila baada ya miaka mitatu wajumbe wa Umoja wa Mataifa walikuja kukagua, na mwananchi wa kawaida alikuwa na haki ya kupeleka malalamiko yake kwao moja kwa moja.

Wameru ndio waliotufundisha kuitumia haki hiyo. Mwaka 1951 serikali iliwahamisha kwa nguvu kutoka Ngare Nanyuki, watu wapatao 3,000, ili ardhi yao wapewe walowezi. Mwaka uliofuata walimtuma Kirilo Japhet mpaka New York akalieleze Baraza la Umoja wa Mataifa. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule, lakini nchi nzima iliona kwamba Mmeru mmoja anaweza kusimama mbele ya dunia na serikali ikalazimika kujibu. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, somo hilo lilikuwa bado la moto. Machi 1955 wanachama walichangishana nauli, Julius Nyerere akaenda kusema mbele ya Baraza la Udhamini. Hakwenda kuomba. Alikwenda na hati mkononi.

Sasa watu wa kumsindikiza. Serikali ya Mwingereza nchini humu ilikuwa na maofisa wachache mno kwa nchi ya watu karibu milioni tisa. Mkuu wa wilaya mmoja alikuwa na vijiji asivyoweza kuvimaliza kwa mwaka mzima. Ilitawala kwa kupitia watemi na majumbe: wao ndio waliokusanya kodi, waliotoa vibarua, waliosimamia amri za kilimo na mifugo. Utawala wa namna hiyo unasimama kwa utii wa watu wengi kuliko kwa bunduki. Utii huo ulianza kuvunjika hasa mashambani. Uluguru mwaka 1955 watu waligoma kuchimba matuta waliyoamriwa na mtu mmoja akauawa. Usukuma walikataa amri za kupunguza mifugo, na mwaka 1958 Geita ikawaka. TANU haikuanzisha kila mgomo, ila ilijua kuufunga mmoja na mwingine hadi serikali ikaona kila mahali inakabiliwa na sauti ileile.

Hapa Dodoma, mwangalie anayeitwa kibarua wa reli. Reli ya Kati, iliyojengwa na Mjerumani kubeba mali kwenda pwani, ilibeba pia maneno. Habari iliyosemwa Mnazi Mmoja ilifika Morogoro, Dodoma, Manyoni na Tabora kwa treni, mdomoni mwa watu. Mjomba wangu alikuwa mmoja wa vibarua hao, pale Kikombo. Baada ya mazishi yake shangazi alinionyesha kadi yake ya TANU. Aliitunza ndani ya kopo la unga, imefungwa kwa kitambaa, kwa kuwa waajiriwa wa serikali walikatazwa kujiunga na siasa na yeye hakutaka kujua kama kibarua anahesabiwa. Pembe zimeliwa, mkunjo wa katikati umeshonwa kwa uzi. Kuna mistari ya kuandikia ada, mingine imejazwa kwa wino, mingine mitupu. Nilimuuliza shangazi kuhusu minne iliyofuatana ambayo haina kitu. Akasema, "Mwaka ule mvua zilikataa." Halafu ada ikaendelea kulipwa. Nataka kijana wako aitafakari hiyo mistari minne na ule wa tano. Mtu aliyetoka kwenye njaa alirudi kulipa ada ya chama ambacho kingeweza kumfukuzisha kazi.

Jambo jingine nataka alijue, maana ndipo uhuru wetu ulipokaribia kuharibika, nalo ni Kura Tatu. Serikali iliona TANU inakua ikaleta uchaguzi wa masharti. Baraza la Kutunga Sheria liligawanywa sawa kwa Waafrika, Waasia na Wazungu, wakati Wazungu nchi nzima walikuwa kama 20,000 tu. Mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, mmoja wa kila rangi, la sivyo kura yake imeharibika. Na ili upige kura ulihitaji elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo fulani. Wanachama wengi wa TANU, huyo mjomba wangu akiwemo, hawakuruhusiwa hata kugusa karatasi.

Fikiria hasira yao. TANU ilikutana Tabora Januari 1958, na wajumbe wengi walifika wakiwa wameshaamua: tususie. Mimi ningekuwa pale ningepiga makofi kwa wasusiaji. Nyerere alisimama akawaonyesha kitakachofuata. Tukisusia, viti vyote vitachukuliwa na chama cha UTP kilichopendelewa na gavana, na Umoja wa Mataifa utaambiwa kwamba hao ndio sauti ya Tanganyika. Tukiingia, tunaweza kuwaunga mkono Wazungu na Waasia wanaokubaliana nasi na kuliteka baraza kwa sheria zao wenyewe. Walibishana siku kadhaa, mwisho wakakubali kuingia. Uamuzi ule ukaitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akatoka akaanzisha chama chake, na simlaumu, kwa kuwa alichokisema kuhusu dharau ya Kura Tatu kilikuwa kweli.

Matokeo ya uchaguzi wa 1958 na 1959 yaliwashangaza hata waliouandaa. Walioungwa mkono na TANU walizoa karibu viti vyote, wakiwemo Derek Bryceson, Amir Jamal na Sophia Mustafa. Kati ya kikao cha Tabora na kura yenyewe Nyerere alishitakiwa kwa kuwakashifu wakuu wa wilaya wawili gazetini. Akahukumiwa kulipa shilingi 3,000 au kufungwa miezi sita, naye akalipa ili nchi isiwake moto kabla ya kura. Kabla mwaka 1958 haujaisha gavana mpya, Richard Turnbull, alitamka hadharani kwamba Waafrika ndio watakaokuwa wengi katika baraza na serikali. Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Machi 1961 mkutano wa katiba haukufanyika London kama ilivyozoeleka. Ulifanyika Dar es Salaam, ukumbi wa Karimjee. Waliokuja na mabegi walikuwa Waingereza.

Sasa yale ya Kenya na Algeria. Mtoto ana haki kuwaheshimu, na mzee naye asione kwamba heshima yao inampunguzia yeye. Tofauti kubwa ni walowezi. Algeria ilikuwa na Wazungu karibu milioni moja, na Ufaransa iliihesabu kama sehemu ya Ufaransa yenyewe. Kenya ilikuwa na makumi ya maelfu walioshika ardhi nzuri ya milimani, wakiwa na wawakilishi wenye nguvu Nairobi na London. Pale mdai anapogonga mlango, aliyeko ndani hana mpango wa kutoka, na hati ya udhamini haipo. Tanganyika ilikuwa na walowezi wachache. Si kwamba sisi tulikuwa waungwana zaidi au waoga zaidi.

Na msimwambie mtoto kwamba hapakumwagika damu. Damu yetu ilimwagika mapema. Mkwawa wa Uhehe alipigana na Mjerumani tangu 1891 hadi alipojiua 1898. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, pamoja na njaa aliyoiacha Mjerumani kwa kuchoma vyakula, viliua watu wengi mno, na makadirio ya wanahistoria yanatoka 75,000 hadi 300,000. Hapa Ugogo muulize mzee kuhusu Mtunya, ile njaa kubwa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, mtama na vijana wa kubeba mizigo. Ukame ulipoingia hapakuwa na akiba, na Wagogo walikufa kwa maelfu. Baba yake mzee huenda alikuwa mtoto wakati ule. Kizazi kilichozaliwa na walionusurika ndicho kilichochukua kadi za TANU. Walijua bunduki inafanya nini wakachagua njia nyingine, wakiwa na macho mawili wazi.

Kama unaweza, siku ya mapumziko mpeleke kijana Kongwa. Hapo mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta matrekta kulima karanga kwa ajili ya mafuta ya kula ya kwao. Hawakuwauliza Wagogo kuhusu mvua wala kuhusu ule udongo mwekundu unaokauka ukawa kama tofali. Mradi ulikufa mwaka 1951 ukiwa umemeza pauni kama milioni 36. Baada ya uhuru, kuanzia 1964, eneo hilohilo likawa kambi ya wapigania uhuru: FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia, ANC ya Afrika Kusini, MPLA ya Angola. Samora Machel alifundisha wapiganaji pale. Makaburi yapo mpaka leo. Msumbiji ikapata uhuru 1975, Zimbabwe 1980, Namibia 1990, na sehemu ya njia hiyo ilipita katika wilaya ya jirani yenu. Kwa hiyo akisema "waliopigana", amwulize babu yake walilala wapi.

Uliuliza pia, kwa kugusia, kuhusu kukariri tarehe. Tarehe 9 Desemba 1961 haikumaliza kazi. Usiku ule Malkia wa Uingereza alibaki kuwa mkuu wa nchi na Turnbull akawa Gavana Mkuu, mpaka tulipokuwa jamhuri mwaka mmoja baadaye. Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962, akamwachia Rashidi Kawawa, akazunguka vijijini kukijenga chama. Mikataba aliyoisaini Mwingereza kwa niaba yetu ilipewa miaka miwili ya kuangaliwa upya. Ule wa maji ya Nile wa 1929 serikali ilisema wazi kwamba hautufungi. Januari 1964 jeshi tulilolirithi liliasi, na serikali ililazimika kuwaita askari wa Kiingereza kulituliza, jambo lililowauma sana viongozi. Jeshi likavunjwa, na JWTZ ikaundwa Septemba 1964. Zanzibar ilipata uhuru Desemba 1963, mapinduzi yakaja Januari 1964, Muungano Aprili 26, na jina Tanzania Oktoba. Ndiyo maana tarehe 9 Desemba ni uhuru wa Tanganyika. Nchi yenye jina tunaloliitika leo ilikuja baadaye. Hata Dodoma kuwa makao makuu, uamuzi wa 1973, ulikuwa sehemu ya kuuondoa moyo wa nchi pale pwani alipouweka mkoloni.

Njia ya kudai ilikuwa na gharama zake, nisikufiche. Ukirithi serikali nzima bila kuivunja, unarithi na tabia zake. Sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kesi ilipitishwa 1962, na mwaka 1965 TANU ikabaki chama pekee halali Bara. Mtu kama Mtemvu hakuwa tena na jukwaa. Kijana akiuliza hayo, usimnyamazishe, na mzee anaweza kuwa na maoni yatakayowashangaza.

Sasa mfanyeje nyumbani. Mume wako anataka yapite, lakini mzee wa miaka 86 hana muda mwingi wa mambo kupita. Usimpeleke kijana aombe radhi kwa hotuba. Mpeleke na swali dogo: "Babu, kadi hii nani alikuuzia?" Kisha: mlikutania wapi, nani alisoma gazeti kwa sauti, mtemi wenu alikuwa upande gani, nani aliogopa. Maswali makubwa ya "uhuru ulikuwaje" huwapa wazee hotuba walizozizoea. Swali dogo hufungua mlango. Akikubali, rekodini kwa simu, asubuhi kabla hajachoka, na kadi ipigwe picha pande zote mbili.

Kuna mambo ambayo barua hii haiwezi kuyamaliza. Kama mzee ana barua, risiti au daftari za tawi, msizigawe wala kuzitia plastiki ya moto. Nendeni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, au mwone mwalimu wa historia pale Chuo Kikuu cha Dodoma, awaeleze namna ya kuzitunza. Kwa mtihani wa kijana, azungumze na mwalimu wake, maana mtihani una mpangilio wake. Na kama ule ukimya umekuja pamoja na kukataa chakula, kutolala, au kuchanganya majina ya watu wa nyumbani, hilo si hasira ya uhuru tena. Mpelekeni hospitali wiki hii hii, aonwe na daktari.

Ikiwa atazungumza, muulizeni pia kama kadi yake ina mistari mitupu, na mwaka ule mvua zilikuwaje.